Mtoto wa Mlangoni

Dokta Darius aliisoma ile karatasi mara ya nne. Akaifunika kwa faili, akainuka, akafunga mlango wa ofisi ili apumue. Hakumaliza hata pumzi mbili, akaufungua tena. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa hakuweza kukaa katika chumba kilichofungwa mlango. Wanafunzi wake walidhani ni kwa ajili ya joto la Bujumbura, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, katika Idara ya Elimu ya chuo kikuu kimoja kidogo kule Kinanira, ghorofa ya pili, dirisha likitazama ziwa. Jumatatu wangekuja wageni wa kuikagua idara, na Profesa Pontien, mkuu wa idara, alitaka wakute kitabu mezani, kila mwalimu na ukurasa wake. Amezaliwa wapi, amesoma wapi, aliandika tasnifu gani, anafanya utafiti juu ya nini. Hayo ni mambo ya kawaida. Lakini Profesa Pontien si mtu wa kawaida, basi akaongeza swali la mwisho ambalo idara nyingine hazina: kwa nini mada hii na si nyingine?

"Mukiandika uongo, nitajua," aliwaambia kwenye kikao. "Akuna mutu anafanya miaka kumi juu ya kitu kimoja bure tu. Kuna kitu kilimuuma."

Majibu yakaja. Madame Huguette, ambaye hata walinzi wa getini wanamwogopa, aliandika kwamba anatafiti watoto wanaotumia mkono wa kushoto kwa sababu mama yake alimfunga wa kwake kwa kitambaa mpaka darasa la tatu. Mzee Valéry, mtaalamu wa ufundishaji wa hesabu, aliandika kwamba hadi leo huota jedwali la saba na kuamka ana jasho. Darius ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya karatasi hizo na kuzipanga. Alicheka, akaguswa, akazipanga. Ya kwake aliijaza mapema. Mada: nidhamu shuleni, na watoto wanaofungiwa nje kwa kuchelewa. Kwa nini? "Kwa sababu takwimu zinaonyesha kwamba ni tatizo kubwa." Raihana alipoisoma alimwambia jibu lake limekauka kuliko unga wa muhogo.

Karatasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya Raihana mwenyewe. Ndiyo hiyo iliyokuwa chini ya faili.

Raihana ni nani? Ni msaidizi wa mhadhiri, miaka ishirini na tisa, mtoto wa Buyenzi, mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake kufika. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa Darius alikuwa akimpenda kwa namna ambayo hata chai ya saa nne haikunyweka kama Raihana hayupo. Mama yake Darius kule Mutanga Nord alilia wiki nzima aliposikia kwamba mwanawe wa kwanza atasilimu, wiki ya pili akanuna, wiki ya tatu akauliza kama huyo binti anajua kupika maharage. Upande huo ulishatulia. Ulibaki upande wa Buyenzi, na upande wa Buyenzi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Baba yake Raihana, mzee Shakuru, alishafariki, akabaki mama yake, Mama Mwanne. Walii wa Raihana, yaani mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa mdogo wake wa kiume, Khaled, fundi wa nguo kule Uvira, ambaye Darius hakuwahi kumwona. Khaled akisema ndiyo, kuna ndoa. Khaled akisema hapana, hakuna. Na leo saa kumi jioni Darius alikuwa anaenda kujitambulisha kwake.

Alijua kwamba Khaled anachechemea. "Ni accident ya utoto," Raihana aliwahi kusema, kisha akabadilisha mazungumzo. Kwao habari hiyo haizungumzwi, na Darius, kwa adabu, hakuuliza. Laiti angeuliza!

Akaifunua karatasi mara ya tano. Kwa Kifaransa chake kilichonyooka, Raihana aliandika hivi:

"Natafiti watoto wanaosoma Kurani alfajiri kabla ya kwenda shule. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mwezi wa tatu mwaka 2007, akiwa na miaka tisa, chuo cha Kurani kilichelewa kuwaachia, akafika shule akakuta mlango wa darasa umefungwa. Aliyefundisha siku hiyo hakuwa mwalimu wao. Alikuwa kijana wa ualimu aliyekuja kufanya mazoezi, mwenye shati la bluu. Mdogo wangu alibisha hodi mara tatu. Hakufunguliwa. Akashuka kucheza ukingoni mwa mto Ntahangwa, udongo ukamporomokea mguu. Mimi nilisoma zamu ya mchana, kwa hiyo kijana yule sikumwona. Nimesoma miaka yote hii ili nimwelewe, na bado sijamwelewa."

Shati la bluu. Mama yake Darius alilipiga pasi kwa makaa usiku wa kuamkia siku ile, akamwambia, "Kesho utang'aa."

Darius alihisi kijasho chembamba kikimshuka mgongoni. Alimwogopa Khaled, alimwogopa Raihana, na zaidi ya wote alijiogopa mwenyewe, maana kichwa chake kilikuwa tayari kinatafuta njia ya kutoroka.

"Docteur wangu!"

Raihana aliingia na kicheko chake. Alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe wa Ijumaa, na begani alibeba mfuko uliojaa karatasi za mitihani. Darius alimtazama akaona uzuri wote alionao, na kwa mara ya kwanza uzuri ule ulimtia hofu, kwa sababu ungeweza kuondoka.

"Ju ya nini unaniangalia hivyo? Niko na kitu usoni?"

"Apana. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kukupa dersi." Akainua kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Khaled amefika jana. Amelala masaa matatu tu, akaanza kuuliza: uyu mwanaume anatoka wapi, anafundisha nini, juu ya nini hajaoa mpaka miaka makumi tatu na saba. Mama Mwanne akamuambia, mutoto wangu, kunywa kwanza chai." Akacheka. "Sasa sikiliza. Ukifika, atakusalimia, atakupa kiti, atakuuliza habari ya kazi, habari ya wazazi. Iyo yote si kitu. Usifurahi. Kwetu mugeni wa namna yako anangojea neno moja. Siku mwenye nyumba anakuambia, 'Sasa sema, nini imekuleta kwetu?', iyo siku amekukubali kukusikiliza. Asiposema, kunywa Fanta yako, vaa viatu, urudi kwenu."

"Na asiposema kabisa?"

"Atasema! We ni mutu muzuri, nani atakukatala?"

Darius hakucheka; alikaa chini. Raihana aliona. Kicheko kikapungua, akasogea, akaweka mkono kwenye ukingo wa meza karibu na wa Darius bila kuugusa, maana mlango ulikuwa wazi na idara ina macho.

"Darius. We ni mugonjwa?"

"Raihana, tunaweza kupeleka mbele ile visite? Wiki ingine. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili?" Sauti ya Raihana ilishuka. "Khaled amefunga atelier yake Uvira juu yetu. Mama amekwisha kuchinja kuku. Unasema wiki mbili?"

Kabla Darius hajajibu, Profesa Pontien alichungulia mlangoni, miwani kwenye paji la uso, kalamu nyuma ya sikio.

"Docteur, kitabu kiko wapi? Imprimerie inakingoja saa nane, si saa nane na dakika moja."

"Kinakuja, Prof."

"Na ukurasa wako uandike upya. Takwimu, takwimu! Takwimu haijamuumaka mutu." Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwa uchokozi. "Nyie wawili munanichekeshaka. Mademoiselle anasomea mutoto anachelewa njiani, Docteur anasomea mutoto anakuta mulango umefungwa. Ni mutoto mumoja! Siku moja mutamupata, mutamugawanya katikati."

Akaenda zake akicheka peke yake. Darius aliinamia meza.

Raihana alikuwa bado anamtazama. Macho yake yalikuwa yamebadilika, yamekuwa madogo, ya mtu anayetafuta. Alipofungua mdomo, aliuliza lile ambalo mwanamke yeyote angeuliza.

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Mwanamuke mwenyewe. Ni Chanelle wa comptabilité? Ni ule wa Dakar, wa wakati ulikuwa unasoma doctorat? Sema tu. Mi siwezi kulia hapa kazini, nitalilia kwetu."

"Akuna mwanamuke, Raihana. Naapa."

"Basi unaogopa nini? Maana unaogopa. Nakujua. Mkono yako inacheza."

Darius aliitazama mikono yake, akaificha chini ya meza. Angeweza kusema anaumwa malaria. Malaria Bujumbura haiombi ushahidi. Angeweza kuichukua ile karatasi, kuichapa kitabuni, kwenda Buyenzi saa kumi, kukaa, kunywa Fanta, na Khaled asijue kitu. Miaka kumi na minane imepita. Sura ya kijana wa miaka kumi na tisa si sura ya mtu mzima mwenye miwani na kitambi kidogo. Nani angejua? Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba angeweza kufanikiwa, akamwoa, na kila asubuhi akapikiwa chai na dada wa yule mtoto.

"Unakumbuka mémoire yangu?" aliuliza.

Raihana alishangaa. "Ya bibliothèque? Nitaisahau namna gani?"

Hapa Bujumbura mtu akichukua tasnifu rafuni, hafungui utangulizi. Anafungua kwanza ukurasa wa tabaruku, aone nani ametajwa na nani amesahauliwa. Ndugu wamewahi kununiana kwa ajili ya ukurasa huo. Wengine hutaja baba, mama, shangazi, mchumba, mchungaji na jirani. Wa Darius ulikuwa na mstari mmoja: Kwa mtoto wa mlangoni, ambaye sikumuuliza jina. Raihana aliusoma siku yake ya pili katika idara, akausoma tena, akaenda kumtafuta mwandishi wake ghorofa ya pili akisingizia anataka kuazima kalamu.

"Ile mustari njo ilifanya nikupende," alisema sasa, taratibu. "Nilisema, kumbe iko mwalimu moja duniani anafikiria mutoto mwenye kubaki inje. Watoto yote wenye kubaki inje."

"Si watoto yote. Ni mumoja."

"Namna gani, mumoja?"

"Mutoto mumoja wa kweli. Nilimusikia na masikio yangu. Na leo nimejua jina lake."

"Anaitwa nani?"

Nje, kwenye korido, Madame Huguette alikuwa anamgombeza mtu juu ya ufunguo wa ukumbi. Darius alisubiri sauti ile ipite. Alipiga moyo konde.

"Khaled," alisema.

Raihana alitabasamu kwanza. Aliweka hata mkono kifuani, tayari kusema kumbe majina yanafanana. Kisha akaona karatasi yake mwenyewe mezani, ile aliyoiandika kwa machozi usiku wa Jumatano, imekunjamana pembeni kwa jasho la vidole. Tabasamu likabaki usoni peke yake, halina mwenyewe.

"Apana," alisema.

"Nilikuwa stagiaire wa ualimu. Wiki tatu."

"Apana, Darius."

"Nilivaa shati ya bluu."

Raihana alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga kabati la faili. Hakupiga kelele. Darius angependa apige kelele. Alimtazama kwa macho makavu, yaliyopanuka, akamtazama viatu, mikono, shingo, kama anayehakiki mtu mgeni aliyeingia bila hodi.

"Alibisha mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwalimu, nimefika.'"

"Na we ulimusikia."

"Nilimusikia. Inspekta alikuwa amekaa nyuma ya darasa, na karatasi yake ya points. Asubui alikuwa ametuambia, stagiaire mwenye kufungulia wachelewaji hajui kushika darasa. Nilimuogopa, Raihana. Mutoto akabisha, mi nikaendelea kuandika kwa tableau. Nilikuwa naandika tarehe. Nilipomaliza akabisha tena. Inspekta akaangalia mulango, akaniangalia mi. Nikaendelea."

"Akakupa ngapi?"

"Raihana..."

"Nakuuliza, akakupa ngapi?"

"Kumi na sita juu ya makumi mbili."

Raihana alifumba macho. Machozi yakapita hapo hapo kwenye kope zilizofungwa. "Kumi na sita," alisema. "Miezi minne mama alilala chini ya kitanda cha hôpital. Baba aliuza mashini yake ya kushona mbili. Na we, kumi na sita."

"Jioni nilisikia kuna mutoto ameanguka Ntahangwa. Kesho yake walinipeleka kwa shule ingine. Sikuuliza jina. Nilikuwa naogopa kama nikiuliza, wataniambia amekufa. Miaka yote nilikuwa naogopa kuuliza. Nimeandika kurasa mia tatu makumi ine juu yake, na sikuuliza."

"Toka hapo," Raihana alisema.

"Nitoke wapi?"

"Hapo karibu na karatasi yangu."

Darius akasogea. Raihana akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa gauni. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alipokuwa mlangoni aligeuka, na Darius akaona kwamba bado anampenda, akaona pia kwamba upendo huo unamuuma. Akaogopa zaidi.

"Mi sitamuambia Khaled," alisema. "Usifikiri nitakubebea. Saa kumi anakungojea. Ukikuja, utamuambia mwenyewe, mbele ya macho yake. Usipokuja, nitamuambia umepata kazi, umesafiri, na Jumatatu nitaomba Prof anipeleke kwa campus ingine. Hautaniona tena."

"Na nikikuja?"

"Sijui. Wallahi, Darius, sijui."

Kitabu kilifika kwa wachapaji saa nane kamili, na ukurasa wa Raihana ulikuwa na pengo pale palipoulizwa kwa nini. Ukurasa wa Darius haukuwa na takwimu tena. Aliandika sentensi tatu, hakuzisoma mara ya pili, akazituma kabla woga haujamwahi.

Saa tisa na nusu aliegesha gari mbali, akaamua kwenda kwa miguu. Kosa hilo. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye daraja la Ntahangwa, ikagoma. Alisimama akatazama chini. Mto ulikuwa mdogo, maji ya udongo yamelala katikati ya mawe, na pande zote mbili kingo zimeliwa, nyumba zimebaki zikining'inia pembeni. Alifika hapo mara ngapi maishani mwake? Kila mara alipita kwa gari, vioo juu. Sasa alitazama mpaka kizunguzungu kikamjia, na alipoangalia saa ilikuwa kumi na dakika kumi na tano. Alikimbia. Mwalimu wa nidhamu, bingwa wa utafiti wa wachelewaji, alikatiza avenue za Buyenzi mbio, shati limetoka kwenye suruali.

Geti lilikuwa la bati, rangi ya kijani. Alibisha. Mkono wake ulisita kabla ya kubisha mara ya pili, kisha kimlango kidogo ndani ya geti kikafunguliwa.

Khaled alikuwa mrefu kuliko alivyomtarajia, mwembamba, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Alikuwa na macho ya dada yake. Mguu wa kushoto alikuwa ameutega pembeni, na mkono ameushika kwenye bawaba. Nyuma yake Darius aliona ua uliofagiliwa, mkeka, meza yenye chupa za Fanta, Mama Mwanne aliyevaa nguo zake nzuri. Na mlangoni mwa nyumba, Raihana, wima, mikono ameikumbatia.

"Shemeji!" Khaled alisema kwa furaha. "Umechelewa! Karibu, ingia, mama alianza kusema umepotea."

Kiatu kimoja cha Darius kilikuwa tayari kimevuka. Akakirudisha nje.

"Khaled," alisema, "kabla sijaingia, kuna neno. Ukilisikia, pengine hautaki niingie."

"Neno gani?"

Sauti za cherehani za jirani, watoto wanaofukuzana na tairi, pikipiki, vyote alivisikia kwa mbali. Alimtazama Raihana, naye Raihana hakumsaidia hata kwa kope.

"Mwaka elfu mbili na saba, mwezi wa tatu, ulifika kwa masomo, ukakuta mulango umefungwa. Ulibisha mara tatu. Ulisema, 'Mwalimu, nimefika.' Mi njo nilikuwa ndani."

Furaha usoni mwa Khaled haikuondoka mara moja. Iliondoka kidogo kidogo, kutoka mdomoni kwanza, mwisho machoni. Alimtazama Darius muda mrefu. Alirudi nyuma hatua moja, akichechemea, akafunga kimlango. Darius akasikia komeo.

Kisha akasikia sauti ya Mama Mwanne, "Ni nini? Amesema nini, mutoto wangu?" na baada ya kimya kidogo, kilio chake, cha chini, cha mtu aliyezoea kulia bila kusumbua majirani.

Darius alisimama. Jua la saa kumi na nusu lilimpiga mgongoni, maana geti lilitazama magharibi. Mtu wa pikipiki alipunguza mwendo, "Patron, tunaenda?" Darius akatikisa kichwa. Mwanamke aliyekuwa anakaanga sambusa ng'ambo ya barabara alimtazama kwa jicho la pembeni, akamnong'oneza mwenzake, wakamtazama wawili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kubisha tena akakosa nguvu. Alitaka kuondoka, na kila mara alipogeuka aliona mwisho wa barabara, kule inakoshukia mtoni, moyo ukamruka. Kwa miaka yote aliyoandika juu ya mtoto wa mlangoni, hakuwahi kujua kwamba mtoto huyo anaogopa. Aliandika kwamba anapoteza masaa ya masomo.

Dakika zilipita, sijui ishirini, sijui arobaini. Ndani walinong'onezana. Sauti ya Raihana hakuitambua hata mara moja. Akaweka kiganja juu ya bati, lilikuwa bado la moto.

"Khaled," alisema kwa sauti ndogo, "nimefika."

Jua likashuka juu ya paa la duka. Mwanamke wa sambusa akazima jiko lake, akafunga meza. Ndipo komeo likasogea.

Khaled alisimama pale pale. Macho yalikuwa mekundu.

"Ungali hapa?"

"Niko."

"Mi sikungoja," Khaled alisema. "Nilibisha tatu, nikaenda. Ju ya nini we haukuenda?"

"Naogopa kuenda kuliko kubaki."

Khaled alifikiri juu ya jibu hilo. Aliangalia barabara, akamwangalia tena mgeni wake, jasho, shati lililotoka, miwani iliyopindia upande mmoja. Bila kugeuka alisema, "Dada, leta kiti."

Raihana alileta kiti cha plastiki. Alikishika kwa mikono miwili. Alimtazama mdogo wake akitafuta wapi akiweke.

"Hapo," Khaled alisema. "Kwa mulango. Sijasema aingie."

Raihana akakiweka kizingitini, miguu miwili ndani, miwili nje. Alipoinama, bega lake lilipita karibu na mkono wa Darius. Darius alisikia pumzi yake ikikatika, na hakuthubutu kunyanyua macho. Akakaa. Khaled akajivutia kigoda, akakaa mbele yake, akaunyoosha mguu wa kushoto kati yao wawili, akaikunja suruali, kovu refu likaonekana kutoka kifundoni hadi gotini. Hakulificha, na Darius hakugeuza uso.

"Dada yangu amenisomea mustari yako," Khaled alisema. "Ile ya kitabu. Umeandika haukuniuliza jina."

"Ndiyo."

"Sasa niko hapa. Niulize."

Darius alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, akayaacha.

"Unaitwa nani?"

"Naitwa Khaled, mutoto wa Shakuru." Mama Mwanne alikuwa ameshika mdomo kwa kanga yake. Raihana alikuwa hapumui. Khaled aliipitisha futi ya fundi vidoleni, mwanzo hadi mwisho, taratibu, kisha akainua macho. Hakutabasamu.

"Na uyu ni dada yangu, Raihana," alisema. "Sasa sema, mwalimu. Nini imekuleta kwetu?"